Kunusurika Si Ruhusa

Leo nataka tufikiri pamoja juu ya swali ambalo kila mtu hujiuliza kimoyomoyo, na mara nyingi hujiuliza akiwa amekwisha kuchelewa. Mtu anajuaje kwamba jambo fulani katika maisha yake halifai tena kuendelea jinsi lilivyo? Wengi hujibu kwamba msiba ndio mwalimu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, na guu likishavunjika mtu atajua mwenyewe. Jibu hilo mimi nalipinga. Msiba hufika mwisho kabisa, wakati mambo mengine yote yamekwisha kusema na hayakusikilizwa. Kabla yake hupita alama nyingi, na iliyo kubwa kuliko zote ni ile tunayoipokea kwa furaha: kunusurika. Siku ile tulipoponea chupuchupu, tukapumua, tukamshukuru Mungu, kisha kesho yake tukarudia yaleyale, siku hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya kubadilika. Tuliitumia kama ruhusa ya kuendelea.

Sina haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Tarehe 3 Oktoba 2024, siku ya Alhamisi, chombo kilichoitwa MV Merdi kilitoka hapa Minova kwenda Goma. Kilivuka Ziwa Kivu, kikafika mahali ambapo bandari ya Kituku inaonekana wazi, na hapo, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiwasubiri ndugu zao na mizigo yao, kikainama upande mmoja na kuzama. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alitangaza kwamba waliokuwamo ni watu 278 na waliokufa ni 78. Walionusurika walisema chombo kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Sababu ya kujaa kwake kila mtu hapa anaijua. Tangu mwanzo wa mwaka ule vita vilikuwa vimekata barabara ya kupitia Shasha na Sake, na ziwa likabaki kuwa njia ya chakula, ya biashara, ya wagonjwa na ya waliokimbia makwao. Maharagwe, mihogo, ndizi na makaa vilivyokuwa vikipanda malori vikahamia kwenye maji, na wenye mali wakahamia pamoja navyo.

Lakini tujiulize: je, safari ya Oktoba 3 ilikuwa ya kwanza kujaa kupita kiasi katika ziwa hili? Hakuna mtu wa Minova atakayesema hivyo. Vyombo vilikuwa vikijaa wiki baada ya wiki, na wiki baada ya wiki vilikuwa vikifika. Hapo ndipo penye kiini cha ninayotaka kusema. Chombo kilichojaa kupita kiasi kikifika salama, akili ya binadamu hujifunza jambo la uongo. Hujifunza kwamba mzigo ule unabebeka. Mwenye chombo anasema jana tulipakia magunia mengi na hatukupata neno, basi leo tuongeze kidogo. Abiria anasema nimeshapanda mara nyingi kukiwa hivi hivi. Anayekagua bandarini anasema hawa huenda hivi kila siku. Kila mmoja ana ushahidi mkononi, na ushahidi wenyewe ni wa kweli, kwa maana safari zile zilifika kweli. Kosa liko katika kuusoma. Safari iliyofika kwa bahati haituambii kwamba chombo ni salama. Inatuambia kwamba siku ile upepo ulikuwa mdogo, abiria hawakukimbilia upande mmoja, na maji hayakupata pa kuingilia. Ubao ukikaribiana na maji kwa upana wa kiganja, kila safari inayofika ni onyo, na sisi tunalihesabu onyo hilo kuwa cheti.

Wala msiba wa Merdi haukuwa onyo la kwanza katika ziwa letu. Aprili 2019 chombo kilizama katika maji ya Kalehe, teritwari hii hii yetu, na watu wapatao 150 hawakuonekana. Rais wa Kongo, Félix Tshisekedi, alikuja mwenyewe, akatoa amri kwamba kila msafiri wa ziwani avae jaketi la kujiokolea. Msiba ulikuwepo, amri ilikuwepo, kilio kilikuwepo. Miaka mitano baadaye tukazika tena. Ndiyo maana nasema msiba ni mwalimu dhaifu kuliko tunavyomsifu. Unatutia hofu kwa wiki chache, kisha chombo cha kwanza kinafika salama, na cha pili, na cha tatu, na yale mafundisho ya uongo yanaanza upya pale pale yalipokatizwa.

Majirani zetu nao wamepitia njia hii. Katika Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha. Taifa zima liliomboleza, na watoto waliozaliwa baada ya pale walikua wakilisikia jina la meli ile. Hata hivyo tarehe 20 Septemba 2018, katika ziwa lile lile, kivuko cha MV Nyerere kilichoruhusiwa kubeba watu 101 kilipinduka kikikaribia kutia nanga kisiwani Ukara, wakafa watu 228. Huko Zanzibar MV Spice Islander ilizama Septemba 2011, na miezi kumi tu baadaye, Julai 2012, ikafuata MV Skagit. Ukiyatazama matukio haya pamoja utaona kwamba watu hawakukosa kujua hatari, maana walikuwa wamekwisha kuiona ikiua. Kilichowapungukia ni namna ya kuitambua siku ambayo haijaua bado.

Asije mtu akasema kwamba hii ni tabia ya watu maskini au wasiosoma. Tarehe 28 Januari 1986 Wamarekani walirusha chombo cha anga kilichoitwa Challenger, kikiwa na watu saba ndani. Sekunde 73 baada ya kuruka kikapasuka angani, wote saba wakafa. Kilichoharibika ni mpira wa kuzibia kiungo cha roketi, ambao kwa baridi ya siku ile ulishindwa kuziba. Mwanasosholojia Diane Vaughan aliichunguza habari hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1996 akatoa kitabu chake. Alionyesha kwamba mipira ile ilikuwa imeonekana kuliwa na moto katika safari za nyuma, tena zaidi ya moja. Wahandisi waliiona, wakaiandika, wakaijadili. Lakini kwa kuwa kila safari ilirudi, uharibifu uliokuwa wa kushtua ukawa wa kawaida, na kikomo cha kinachokubalika kikasogezwa mbele kidogo, kisha kidogo tena. Usiku wa kuamkia safari ile kuna wahandisi waliopinga kabisa chombo kuruka, na hawakusikilizwa. Wale walikuwa watu wenye shahada, fedha na mitambo. Nao walikusoma kunusurika kama ruhusa, vile vile kama inavyosomwa bandarini kwetu.

Sasa tutoke ziwani tuingie nyumbani, kwa maana swali letu ni la maisha ya kila mtu. Mwanamume anayelipa deni kwa kukopa deni jingine anajua kwamba mwezi uliopita alifaulu kuwapoza wote waliomdai. Huo ni ushindi machoni pake, lakini ukiutazama kwa makini utaona kwamba deni limekua na muda umefupika. Anayekunywa kasiksi kila jioni, na asubuhi anaamka kwenda shamba kama kawaida, anasema pombe haijamshinda, na ushahidi wake ni kwamba ameamka. Mama anayeona mtoto wake akikohoa wiki ya tatu anasema hata yule wa kwanza alikohoa hivyo akapona. Mume anayempiga mkewe, kisha wakapatana, huyahesabu mapatano kuwa dalili kwamba nyumba yao ni imara. Katika yote haya swali ni lile lile moja. Je, jana tulifika kwa sababu njia ni nzuri, au tulifika kwa sababu yaliyoweza kutuangamiza hayakutokea kwa siku ile? Asiyejiuliza hivyo kila baada ya kuponea chupuchupu atajikuta anaongeza mzigo.

Kuna dalili nyingine zinazofuatana na hiyo, na ninazitaja ili tuzitambue mapema. Ya kwanza ni maelezo yanayotayarishwa kabla ya kuulizwa. Mtu mwenye jambo lililo sawa hana hotuba juu yake. Lakini jambo likianza kuharibika, mtu huanza kubeba majibu mfukoni: hali ni ngumu, kila mtu anafanya hivi, nitaacha mwisho wa mwezi, nikimaliza msimu huu. Ya pili ni kumficha mtu mmoja ukweli. Mke hajui kiasi halisi cha deni, au wenzake wa kikundi cha akiba hawajui kwamba fungu lake limetoka kwa mkopeshaji. Kila aliye na siri kama hiyo amekwisha kujihukumu, bado tu hajatangaza hukumu. Ya tatu, ambayo naiona kuwa nzito kuliko zote, ni kwamba gharama inaanza kulipwa na mtu mwingine. Tazama chombo kilichojaa: faida ya gunia la ziada ni ya mwenye chombo, lakini hatari yake inabebwa na mtoto aliyepakatwa na mama yake katikati ya magunia. Tazama nyumba yenye deni: anayelipa kwanza ni binti anayetolewa shule. Pale anayefaidika na anayeumia si mtu mmoja tena, jambo hilo limekwisha kuomba kubadilishwa, hata kama mwenyewe halalamiki.

Najua wengi mnaonisikiliza mnasema: maneno haya ni mazuri, lakini sisi hatuna chaguo. Vita hatukuvileta sisi. Barabara hatukuikata sisi, na Januari 2025 vita vyenyewe viliingia hadi Minova. Mama mwenye maharagwe asiyepanda chombo leo, kesho maharagwe yameshuka bei na watoto hawali. Pingamizi hili lina ukweli mwingi, na atakayelijibu kwa wepesi hana heshima. Nitajibu hivi. Dhiki ni ya kweli, lakini dhiki ina kipimo chake, na mazoea huongeza juu ya kipimo hicho. Vita vilitulazimisha kupita ziwani, lakini gunia la mwisho lililowekwa juu ya mengine chombo kilipokwisha kujaa halikuwekwa na vita. Vita vilitunyima lori, lakini havikumkataza mwenye chombo kununua majaketi kwa nauli alizokusanya miezi yote ile. Kazi ya mtu anayetaka kubadilika ni kutenganisha sehemu mbili hizo: hili limeletwa na dhiki, na hili tumeliongeza wenyewe chini ya kivuli cha dhiki. Sehemu ya kwanza inaweza kuwa kubwa sana, pengine kubwa kuliko uwezo wetu. Sehemu ya pili, hata ikiwa ndogo, ni yetu, na mara nyingi ndiyo inayoua.

Kwamba badiliko dogo linalowezekana lina thamani kuliko badiliko kubwa lisilowezekana, wakulima wa Kivu wamekwisha kulithibitisha. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Masisi, kule kwa majirani zetu, kisha ukashuka na kuenea katika vilima vya Kivu zote mbili. Mnaufahamu. Majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza, na ukikata shina unaona usaha wa manjano ukitoka. Ugonjwa husafiri kwa wadudu wanaotua kwenye ua la mgomba, na husafiri kwa panga la mkulima mwenyewe anapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Mwanzoni ushauri ulikuwa kung'oa shina lote pamoja na machipukizi yake, na kuacha ardhi wazi kwa muda. Ulikuwa ushauri sahihi, lakini familia inayoishi kwa ndizi ingewezaje kung'oa chakula chake? Wengi hawakung'oa, wakangoja, shamba likaisha. Baadaye watafiti, wakifanya kazi pamoja na wakulima hapa hapa Kivu Kusini, wakaonyesha njia iliyo nyepesi zaidi: kata shina lililougua peke yake, mapema, mara tu unapoona jani la kwanza kubadilika, choma panga motoni kabla ya kuligusa shina jingine, ondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, rudia kila unapoona dalili. Wakulima walioshika utaratibu huo bila kuacha waliona ugonjwa ukipungua na migomba ikizaa tena.

Nimelikawilia jambo hili la migomba kwa sababu mbili. Kwanza, linaonyesha kwamba anayekata mapema hukata kidogo. Aliyekata shina moja lenye jani moja la manjano alipoteza mkungu mmoja, na pengine ulimuuma, kwa kuwa ulikuwa bado unaonekana mzima. Aliyengoja hadi ahakikishe alipata uhakika wake shamba lilipokuwa limekwisha. Pili, linaonyesha kwamba kuna wakati watu hukataa kubadilika kwa sababu badiliko waliloambiwa ni kubwa kuliko mabega yao, na hilo halimaanishi kwamba ni wakaidi. Kwa hiyo anayemshauri mwenzake abadilike ana wajibu wa kumtafutia hatua inayobebeka. Mwenye deni hawezi kulifuta kwa siku moja, lakini anaweza leo kuacha kukopa mkopo mpya wa kulipia wa zamani, na kuwaambia ukweli wanaomdai. Mama wa soko hakuweza kufungua barabara ya Sake vita vilipoikata, lakini wanawake ishirini wa kikundi kimoja cha akiba wanaweza kukubaliana kwamba chombo kisicho na majaketi hakitabeba mali ya yeyote kati yao. Mwenye chombo asiyemsikiliza mmoja atawasikiliza ishirini, kwa kuwa mali yao ndiyo nauli yake.

Pingamizi la pili nalisikia kila kunapotokea msiba: siku ya mtu imepangwa na Mungu, atakayekufa atakufa hata akiwa kitandani. Mimi siigusi imani ya mtu kwa dharau, maana imani ndiyo iliyowashika watu wa Minova katika miaka ambayo hawakuwa na kingine cha kushika. Lakini nauliza: muumini huyo huyo, kipindupindu kikiingia, hachemshi maji? Mke wake akishikwa na uchungu, hamkimbizi kwenye kituo cha afya? Mvua ikianza, hapandi mbegu, au hungoja ziote zenyewe? Katika mambo haya yote anamtumaini Mungu na anatumia mikono yake, wala haoni kwamba mikono imeipinga imani. Basi asiiondoe mikono hiyo bandarini peke yake. Mara nyingi tunalileta jina la Mungu mahali ambapo tumekwisha kuchoka kufikiri, nalo linakuwa kifuniko cha uchovu wetu.

Kuna pingamizi la tatu, lenye hekima zaidi. Wazee husema mvumilivu hula mbivu, na wanaonya juu ya mtu anayeruka kutoka jambo hadi jambo, leo biashara hii, kesho ile, leo mke huyu, kesho yule, asimalize kitu. Ni kweli kwamba si kila ugumu ni dalili ya kubadilika. Mwanafunzi anayepata taabu na hesabu hatakiwi kuacha shule, na mkulima wa kahawa anayengoja miaka mitatu bila kuvuna hajakosea. Tofauti ni hii: uvumilivu una mahali unakokwenda na una kitu kinachokua wakati wa kungoja. Mche wa kahawa unarefuka, na mwanafunzi leo anajua alichokuwa hajui mwezi jana. Lakini mazoea hayakuzi kitu. Ukitaka kujua unavumilia au umezoea tu, tazama nyuma mwaka mmoja, uulize ni nini kimekuwa bora kwa sababu ya kungoja kwako. Kama jibu lipo, endelea kwa moyo mkuu. Kama kilichoongezeka ni uzito tu, basi huvumilii kitu, unapakia.

Na kuna wanaosema hii ni kazi ya serikali. Ni kazi yake kweli, na ninataka isikike hivyo. Kukagua chombo, kuhesabu abiria, kumzuia mwenye chombo aliyezidisha, kulinda barabara na kuleta amani ni wajibu ambao hakuna mama wa soko anayeweza kuubeba badala ya wenye mamlaka. Amri ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba neno la mkubwa, lisipofuatwa na mtu anayesimama bandarini kila asubuhi, halimwokoi mtu. Lakini tukumbuke jinsi sheria nzuri zinavyozaliwa na zinavyodumu. Huko Uingereza katika karne ya 19 mabaharia walikuwa wakipelekwa baharini katika meli zilizopakiwa mno, nyingine zikiwa mbovu na zimekatiwa bima ya fedha nyingi. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alilishughulikia jambo hilo kwa miaka, akatoa kitabu mwaka 1873, akagombana na wenzake bungeni, na umma ukasimama upande wake. Mwaka 1876 sheria ikapita kwamba meli ichorwe alama ubavuni kuonyesha mwisho wa kupakia. Mwanzoni mwenye meli aliruhusiwa kuichora alama mahali apendapo, na ilibidi kungoja hadi mwaka 1890 ndipo sheria ikaweka mahali pake. Leo meli kubwa za dunia nzima zina alama ile. Sheria hiyo ilipatikana kwa sababu umati wa watu wa kawaida ulikataa kuendelea kuyaita mauaji yale desturi ya bahari.

Katika alama ile kuna jibu la swali letu la leo, na ni jibu ambalo kila mtu anaweza kulitumia. Mstari ule huchorwa chombo kikiwa kitupu, kabla ya gunia la kwanza, na mtu asiye na haraka ya kuondoka. Hiyo ndiyo nguvu yake. Bandarini, wateja wakisukumana na jua likipanda, hakuna mwenye uwezo wa kuamua kwa haki kwamba sasa imetosha, kwa sababu gunia moja zaidi huonekana siku zote kuwa dogo. Ndivyo ilivyo kwa deni, kwa pombe, kwa hasira na kwa kila jambo linaloongezeka kidogo kidogo. Ukingoja kuamua wakati wa joto lenyewe utaona kila mara kwamba leo si siku mbaya sana. Na kumbuka pia funzo la miaka ile kati ya 1876 na 1890: mstari anaouweka mtu mwenyewe, na kuusogeza mwenyewe apendapo, haumzuii. Lazima kuwe na mwingine anayeujua mahali ulipo.

Basi hili ndilo ninalowaomba, ndugu zangu, kina mama na kina baba. Chagueni jambo moja ambalo mwaka huu mmenusurika nalo kwa bahati. Kila mmoja wetu analo, na hahitaji kufikiri sana kulijua. Wakati huu ambapo nyumba imetulia, semeni kwa maneno yaliyo wazi ni wapi mwisho: nikidaiwa zaidi ya kiasi hiki sikopi tena, mtoto akikohoa kupita siku kumi na nne nampeleka kituo cha afya bila mjadala, ubao wa chombo ukikaribia maji kiasi hiki sipandi, hata mali yangu ikibaki. Kisha mwambieni mtu mmoja mnayemheshimu, mke, mume, mzee, mchungaji au mwenzenu wa kikundi, na mpeni ruhusa ya kuwauliza. Wenye vyombo nao wauchore mstari huo kwa rangi ubavuni mwa vyombo vyao, uonekane na kila anayesimama ufukweni, ili abiria awe na kitu cha kuonyesha kwa kidole anapokataa kupanda. Wanaosimamia bandari, wawe wa mamlaka yoyote, wauheshimu mstari huo hata siku ambayo anayetaka kupakia ni rafiki yao.

Waliotoka Minova asubuhi ile ya Oktoba hawakuwa wazembe kuliko sisi. Walikuwa sisi. Walikuwa wamefika mara nyingi kwa njia ile ile, na waliamini walichofundishwa na safari zilizotangulia. Deni tulilo nalo kwao ni kuacha kuyaamini mafundisho hayo, na kuanza kuhesabu kila siku tuliyonusurika kuwa siku tuliyopewa ya kurekebisha kitu kikiwa bado kinarekebishika.